Damu Huonekana Machoni

Mjini Garissa jicho jekundu halikosi wa kulieleza. Likiwa la kijana aliyekesha barazani, ni mirungi. Likiwa la mpishi, ni moshi wa kuni. Upepo ukivuma kiangazi, ni vumbi. Likiwa la mama aliyefiwa, ni machozi, na likiwa la mwanamke aliyenawiri ghafla, basi kuna mtu amemwonea husuda. Kila anayekueleza ana dawa yake mkononi: chai ya rangi iliyopoa, wanja, asali, tone la maziwa ya mama anayenyonyesha, au maji yaliyosomewa Qurani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na huvaa niqab. Kwa watu wengi wa mji huu, macho yangu ndiyo sura yangu yote. Wanafunzi wangu huyatazama wakajua kama leo kuna mzaha au hakuna. Majirani hunitambua njiani kwayo. Kwa miaka kadhaa sasa macho haya yamekuwa yakitoa habari ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sijazitangaza, kwa sababu naishi na saratani ya damu: lukemia sugu ya mailoidi, ambayo sisi wagonjwa huiita CML tu.

Yaliyonipata yamenifundisha jambo ambalo sikulisikia kwa yeyote kabla halijanifika. Macho ya mtu mwenye ugonjwa huu hubadilika kwa sababu mbili zilizo mbali kama Mandera na Mombasa. Moja ni ugonjwa wenyewe. Ya pili ni dawa inayoutuliza. Anayezichanganya huumia: ama ataidharau dalili iliyopaswa kumkimbiza hospitali, ama ataitupa dawa inayomweka hai.

Ugonjwa ulianza kujionyesha mwaka 2016. Nilikuwa nikiandika ubaoni, nikaona mstari wa chaki umekatika katikati. Nikauandika tena, ukakatika tena, pale pale. Nilidhani ubao umechakaa. Nilipofunga jicho la kushoto mstari ukaungana. Nilipofunga la kulia, doa la ukungu likatokea na kukaa juu ya kila nilichokitazama, hata uso wa mtoto aliyesimama mbele yangu na daftari lake. Halikuuma wala halikuwasha. Lilikuwepo tu, kama alama ya kidole kwenye kioo cha miwani, ila mimi sikuwa na miwani.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyahesabu kuwa ugonjwa. Nilikuwa nimepungua, lakini ulikuwa mwaka wa kazi nyingi. Usiku nilitokwa jasho hadi shuka ikalowa, lakini Garissa ni Garissa, nani asiyetokwa jasho? Chakula kilinishinda. Wali wa vijiko vitatu ulinitosha, nikasema labda ni joto.

Hooyo, mama yangu, alitaka kuniita mzee mmoja wa kuchoma. Miongoni mwetu Wasomali ni tiba ya zamani: chuma au kijiti huwekwa motoni, kisha huguswa kwenye ngozi, mara nyingi tumboni kwa ugonjwa wa manjano, na kwenye kipaji au kando ya macho kwa maumivu ya kichwa na macho. Watu wazima wengi wa kaskazini mashariki wana makovu yake ya duara, na wanaosema yaliwasaidia hawasemi uongo wa makusudi. Nilimwomba hooyo anipe hadi Jumatatu nipite kwanza kliniki ya macho. Leo namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kidonda cha moto kwa mtu ambaye damu yake imeharibika ni mlango wa maambukizi na wa kutokwa damu.

Pale kliniki, afisa wa macho alinitia matone ya kupanua mboni, akaniacha nikae nusu saa huku mwanga wa dirishani ukinichoma. Kisha akazima taa, akasogea na kurunzi yake ndogo, akatazama jicho la kushoto kwa muda mrefu, akahamia la kulia, akarudi la kushoto. Nilisubiri aseme kitu kuhusu miwani. Aliwasha taa, akaketi.

“Mwalimu, ukila siku hizi, unashiba haraka?”

Nilidhani amenichanganya na mgonjwa mwingine. Nilimwambia ndiyo, hata nusu sahani sifiki. Akamwita muuguzi wa kike, akamwomba anibonyeze chini ya mbavu za kushoto. Mkono wa muuguzi ulisimama juu ya kitu kigumu kilichoshuka karibu hadi kitovuni. Lilikuwa bandama langu.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi ni maafisa wangapi wa macho wangeuliza habari za tumbo. Baadaye alinieleza alichokiona. Nyuma ya jicho, kwenye retina, ni mahali ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya damu moja kwa moja bila kumchana mtu. Mishipa yangu ilikuwa imevimba na kujipinda, na kando yake kulikuwa na madoa ya damu, mengine yakiwa na kitovu cheupe. Moja lilikuwa karibu na mahali pa kuonea kwa makini, na ndilo lililokuwa likiukata mstari wangu wa chaki. Chembe nyeupe zikizidi mno, damu huwa nzito, hutembea polepole kwenye mishipa myembamba, huiziba, na mishipa hupasuka. Waganga wa macho wa Ulaya walianza kuyaandika mabadiliko haya ya retina kwa wagonjwa wa lukemia tangu miaka ya 1860, muda mfupi baada ya kupatikana chombo cha kumulikia ndani ya jicho. Kwa hiyo si habari mpya. Ila ni habari ambayo haijafika vijijini kwetu.

Nilipomsimulia hooyo kuhusu bandama, alitulia kidogo, kisha akasema kwa uhakika, “Hiyo ni kala-azar.” Hakuwa na makosa ya kufikiri hivyo. Watu wake ni wa Wajir, na kati ya mwaka 2000 na 2001 mlipuko wa kala-azar uliwapiga watu wa Wajir na Mandera pamoja na ndugu zetu wa upande wa Somalia na Ethiopia, mamia wakaugua. Inzi wadogo wanaoueneza ugonjwa huo hujificha kwenye vichuguu vya mchwa, mahali ambapo watoto wachungaji hupumzika. Hooyo aliwaona watoto hao: miguu myembamba, tumbo limejaa bandama. Katika nchi yetu, bandama likivimba mtu hutaja kala-azar kwanza, halafu malaria.

Nilipimwa vyote viwili, na vyote havikuwepo. Kilichoamua ni kipimo rahisi cha kuhesabu chembe za damu. Kala-azar hula chembe za damu: nyeupe, nyekundu na zile za kugandisha, zote hupungua. CML hufanya kinyume. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila tone dogo la kipimo, yaani mikrolita moja. Zangu zilikuwa zaidi ya 200,000. Fundi wa maabara alirudia kipimo kwa kudhani mashine imekosea, kisha akanyanyuka mwenyewe kupeleka karatasi kwa daktari badala ya kunikabidhi mkononi. Bandama ni lile lile, tumbo ni lile lile, lakini hesabu za damu zimepeana mgongo. Asiyepima atatibu asichokijua.

Adeer yangu, ndugu ya baba, ni dalali katika soko la mifugo la Garissa, lile ambalo siku ya mnada hujaa ng’ombe waliotembezwa kutoka mbali, hata mpakani. Yeye ndiye pekee katika jamaa ambaye hakushangaa kwamba ugonjwa wa damu ulipatikana kwa kutazama jicho. “Manyoya ya mbuzi yatakudanganya,” aliniambia, “lakini vuta kope lake la chini.” Nyama ya ndani ya kope ikiwa nyekundu, mbuzi ana damu. Ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo inamfyonza, na bei inashuka hapo hapo. Wataalamu wa mifugo wana hata kadi ya rangi ya kulinganishia kope. Maarifa hayo tunayo sokoni kila siku. Tulichokosa ni kuyavusha hadi kwa binadamu.

Kwa hakika Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya macho na saratani ya damu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe uliokuwa ukiwashika watoto kwenye taya, na kwa baadhi yao ukilisukuma jicho nje ya shimo lake. Ni limfoma, moja ya saratani za damu, na leo ina jina lake. Burkitt mwenyewe alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza kwa ajali utotoni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu katika jeshi la Uingereza hapa Kenya na Somaliland, kwa hiyo nchi kavu kama yetu aliijua. Mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, safari ya takriban kilomita 16,000, akiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona uvimbe huo. Aligundua kwamba hufuata joto na mvua, na kwamba ni adimu katika nyanda za baridi na nchi za ukame. Ndiyo maana kaskazini mashariki hatukuuzoea kama wenzetu wa ukanda wa Ziwa.

Lakini kutouzoea uvimbe mmoja kusitufanye tusahau mwingine. Mwaka 1965, huko huko Kampala, J. N. P. Davies na Raphael Owor walieleza habari za watoto wa Uganda waliotokeza macho kwa sababu ya lukemia kali, ambapo chembe za saratani hujikusanya nyuma ya jicho na kufanya uvimbe. Lukemia haisubiri mvua. Mtoto wa Balambala au Habaswein ambaye jicho moja linaanza kutokeza hana siku za kupoteza kwa asali wala wanja.

Matibabu yalinipeleka Nairobi. Kabla ya kwenda nilianzishiwa vidonge vya hydroxyurea vya kushusha chembe nyeupe haraka, nikaambiwa ninywe maji mengi kuliko nilivyozoea. Basi huondoka Garissa asubuhi na mapema, huvuka daraja la Tana, hupita Madogo, Ukasi, Mwingi na Thika. Takriban kilomita 370. Nairobi nilitolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga na kupimwa kitu kinachoitwa BCR-ABL. Mwaka 1960, huko Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwamba chembe za wagonjwa wa CML zina kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha sababu yake: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana mahali. Pale vinapoungana hutokea jeni linaloiamrisha damu izaliane bila kukoma. BCR-ABL ni jina la jeni hilo. Leo kipimo hicho kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo huku kwetu inajulikana zaidi kwa kupima kifua kikuu. Kinachobadilishwa ni katriji tu.

Dawa inayozuia kazi ya jeni hilo ni imatinib, yaani Glivec, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001. Mwaka uliofuata kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation walianza mpango wa kuwapa bure wagonjwa wasioweza kuinunua katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na kliniki yake iliendeshwa katika Nairobi Hospital. Hapo ndipo mwalimu wa Garissa, mkulima wa Kisii na mfanyabiashara wa Mandera walikuwa wakikaa benchi moja. Hapo pia nilikijua chama cha wagonjwa wa CML, Henzo Kenya, na nikajifunza zaidi kwa wagonjwa wenzangu kuliko kwenye karatasi niliyopewa. Kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji. Mwezi wa Ramadhani mimi hukimeza baada ya futari, daktari akiwa na habari.

Chembe zilishuka, bandama likarudi mahali pake, na doa la ukungu likafifia polepole kwa miezi hadi mstari wa chaki ukaungana. Nilidhani habari za macho zimekwisha.

Hapo ndipo macho ya pili yalipoanza. Niliamka asubuhi kope zimejaa, vifuko vizito chini ya macho, machozi yakichuruzika bila huzuni yoyote. Kufikia adhuhuri uvimbe ulikuwa umepungua, lakini mwalimu huonwa asubuhi. Na mwanamke wa niqab haonwi kingine ila hapo hapo palipovimba.

Chumba cha walimu kilinyamaza nilipoingia. Siku chache baadaye mwenzangu mmoja, mwanamke mwema, alinishika mkono kwenye varanda. “Abaayo, dada yangu, kama kuna jambo nyumbani, usilifiche.” Sikumwelewa hadi jioni, mume wangu aliporudi kutoka msikitini amekunja uso. Wazee wawili walikuwa wamemweka kando baada ya swala ya magharibi, wakamkumbusha kwa upole haki za mke. Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba napigwa. Mume wangu hajawahi kuninyanyulia hata sauti, na sasa alikuwa akisalimiwa kwa ncha za vidole.

Aibu hiyo ilitusukuma kufanya tulichokuwa tumekikwepa, kusema. Nilimwomba hooyo awaalike wanawake wa mtaa kwa chai. Nikafunua uso mbele yao, nikaweka pakiti ya dawa mkekani, nikawaeleza kwamba dawa hii huyafanya maji yavuje kutoka mishipa midogo na kukusanyika mahali ambapo ngozi ni laini zaidi, nako ni kwenye kope. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa Oregon, Marekani, kwa wagonjwa 104 waliokuwa wakitumia dawa hii, karibu 7 kati ya 10 walivimba hivyo. Mzee mmoja wa kike aliuliza swali ambalo hakuna daktari aliyeniuliza: “Basi uvimbe ni alama kwamba dawa imeingia?” Nilimjibu kwamba si kipimo cha kupona, kwani wapo wanaopona bila kuvimba, lakini si ugonjwa pia. Alitikisa kichwa, akasema atawaambia waume. Kesho yake wazee wale wawili walikuja wenyewe kumsalimia mume wangu, kwa mikono miwili.

Daktari alinipa mambo madogo ya kufanya. Nilale nimeinua kichwa kwa mito miwili. Nipunguze chumvi, na hapo nyirinyiri ya hooyo, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli, ikapoteza mlaji wake mkubwa. Niache balungi, kwa sababu tunda hilo hubadilisha kiasi cha dawa kinachobaki mwilini. Uvimbe ukizidi ipo dawa ya kukojoza maji, kwa dozi ya daktari, si ya duka. Mara moja, baada ya kukohoa usiku kucha, niliamka weupe wa jicho moja umekuwa mwekundu kama damu mbichi. Nilishtuka, lakini sikusikia maumivu na nilikuwa naona vizuri. Nilikwenda nikapimwa chembe za kugandisha damu, zilitosha. Ulikuwa mshipa mdogo wa juu juu uliopasuka, na wekundu ukafifia kupitia unjano, kama jeraha la goti, hadi ukaisha.

Ngozi nayo ikabadilika. Dawa hii hupunguza rangi kwa baadhi yetu weusi, na uso wangu ukawa mweupe kuliko mikono ya kina dada zangu. Wanawake wa Garissa hupaka qasil, unga wa majani ya mkunazi, na hakuna asiyeijua ngozi ya qasil. Hii haikuwa hiyo. Wengine walinong’ona kwamba najichubua. Katika kizuizi kimoja cha barabarani askari wa kike aliniita pembeni, nikainua niqab, akatazama kitambulisho, akanitazama, akatazama tena. Picha ilikuwa ya mwanamke mweusi mwenye macho makavu. Aliyesimama mbele yake alikuwa maji ya kunde na macho ya mtu aliyeamka msibani. Nilitoa barua ya kliniki. Aliisoma, akanirudishia, akaniambia, “Pole, mama. Safiri salama.” Tangu siku hiyo barua hiyo hukaa pamoja na kitambulisho.

Nayasimulia haya kwa sababu ya mtu mmoja niliyeketi naye kwenye benchi la kliniki, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Mandera. Yeye hakuwa na kikao cha chai. Macho yalipovimba na rangi ilipopungua, watu wake walianza kutaja ugonjwa mwingine, ule ambao mtu hatajwi nao bila kupoteza wateja. Aliweka vidonge kabatini. Uvimbe ukaisha ndani ya wiki chache, rangi ikaanza kurudi, wateja wakarudi, naye akajiona amepona. Aliporejea Nairobi, miezi mingi baadaye, alikuwa ameshikwa mkono na mwanawe kwa sababu hakuweza kuona vizuri ngazi. Aliyakimbia macho ya dawa, akaangukia macho ya ugonjwa. Chembe zake zilikuwa zimepanda kuliko siku aliyogunduliwa. Madaktari wana dawa nyingine za aina hii, kama nilotinib na dasatinib, na mgonjwa asiyeivumilia moja huweza kubadilishiwa. Lakini huwezi kubadilishiwa dawa ambayo hujasema imekushinda.

Kwa hiyo, kwa anayeishi na CML na kumeza imatinib: kope zote mbili zikivimba asubuhi bila maumivu na zikapungua mchana, endelea na dawa, mweleze daktari siku ya kliniki. Machozi yakichuruzika, hivyo hivyo. Doa jekundu juu ya weupe wa jicho, bila maumivu na bila kupungua kuona, si la kukukosesha usingizi, ila likijirudia au ukitokwa damu pia kwenye fizi au puani, chembe za kugandisha zipimwe. Lakini ukungu, kivuli, mistari inayokatika, kuona viwili viwili, maumivu ndani ya jicho, au jicho moja kutokeza, hayo ni ya siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya sikukuu.

Saratani nyingine za damu zina habari zao. Myeloma, na ule ugonjwa alioueleza Jan Waldenström wa Sweden mwaka 1944, hujaza damu protini hadi ikawa nzito, na mtu huona ukungu kabla hajajua kwamba ana ugonjwa wowote. Steroidi, ambazo ni sehemu ya tiba ya wengi, zikitumika muda mrefu huleta mtoto wa jicho na kupandisha shinikizo la jicho. Cytarabine kwa dozi kubwa hukwaruza macho, ndiyo maana wodini hutolewa matone ya kuyakinga kabla haijaanza. Waliopandikizwa uboho huweza kubaki na macho makavu kama mchanga. Macho yote haya yakifika dukani kwa mwuza dawa hupewa chupa ile ile ya matone.

Mwaka 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wa vifaa. Wanafika Hulugho na Takaba, mahali ambapo daktari wa macho hufika kwa nadra. Hawahitaji kujua retina ni nini. Wafundishwe kuuliza maswali mawili kwa kila anayelalamika macho: je, umepungua na unatoka jasho usiku? Na je, unashiba haraka kuliko zamani? Nao wa kliniki za saratani wafundishwe kuuliza la tatu kwa kila anayemeza dawa: watu wanasema nini kuhusu macho yako? Hilo la tatu ndilo lingemwokoa rafiki yangu wa Mandera, kwa sababu hakushindwa na dawa. Alishindwa na maneno.

Mgonjwa naye asikae akingoja kuulizwa. Kipimo cha kuhesabu chembe za damu kinapatikana Garissa, na hakihitaji safari ya Nairobi wala barua ya bingwa. Anayeona ukungu jichoni na kushiba kwa vijiko vitatu akiombe kwa jina lake, hata kama aliyeketi mbele yake amekwisha kumwandikia matone.